Ukifika Little Moreton Hall, anza na paa

Wadogo zangu mnaoanza kusoma usanifu majengo, siku mkipelekwa kutazama nyumba ya kale ya Uingereza, kamera iacheni kwanza kwenye mkoba. Mimi nilipofika Little Moreton Hall, kule Cheshire, nilijaza kurasa sita kwa michoro ya mapambo meusi na meupe. Mwalimu akazipekua, akaniuliza swali moja tu: "Uzito wa paa unashukia wapi?" Nikabaki kimya.

Paa lile limeezekwa kwa mabamba mazito ya mawe. Chini yake, ghorofa ya juu kabisa, kuna ukumbi mwembamba wa mita 21 hivi, ulioongezwa karne ya 16 wakati nyumba imeshasimama. Boriti za chini hazikupangiwa mzigo huo. Huhitaji pimamaji kuyaona matokeo: sakafu inapanda na kushuka, kuta zimebinuka, fremu za madirisha zimepinda. Ukiitazama kutoka ng'ambo ya handaki la maji lililoizunguka, utadhani kizunguzungu ni chako.

Basi fuateni uzito: paa, kenchi, boriti, nguzo, hadi msingi wa mawe. Kwenye maungio tulieni. Mifupa yote ni mbao za mwaloni. Ulimi wa mbao moja umechomekwa kwenye tundu la nyingine, kisha kikapigiliwa kigingi cha mbao kuzifunga. Maungio ya namna hiyo hulegea kidogo kidogo, hayakatiki ghafla. Ndiyo maana nyumba imepinda na bado imesimama.

Katikati ya nguzo mafundi walisuka fito, wakakandika udongo. Hapo msijifanye wageni! Aliyekulia nyumba ya kukandikwa anajua tayari kwamba ukuta wa namna hiyo haubebi kitu, unaziba tu. Wenzangu darasani walihitaji mhadhara mzima.

Rangi msiiamini sana. Weusi ule wa lami kwenye nyumba za aina hii aghalabu ni mtindo wa karne ya 19. Mwaloni ukiachwa wenyewe hugeuka kijivu.

Kisha ingieni uani, muinue macho kwenye madirisha makubwa yaliyochomoza. Mwaka 1559 seremala Richard Dale aliandikwa hapo kwamba ndiye aliyeyatengeneza, na jina la mwenye nyumba, William Moreton, lipo pia. Fundi kutajwa ukutani kwa tajiri! Nilisimama pale nusu saa, na tangu siku hiyo kila boriti ya kale naikagua nikitafuta alama za seremala.