Ukiandika maelezo ya float, anza na pale inapomshangaza mtu

Nimeshaandika na kupitia maelezo mengi ya aina za namba kwenye lugha za programu, na float ndo sehemu inayoandikwa kivivu kuliko zote. Mtu anaweka sentensi moja, "float ni namba yenye nukta", afu anahamia kwenye stringi. Sasa hiyo inamsaidia nani? Yenye nukta kila mtu anajua, asichojua ni kwa nini 0.1 + 0.2 imemletea 0.30000000000000004.

Taja kwanza kiwango kinachosema namba hizi zihifadhiwe vipi, yaani IEEE 754, kile cha 1985 kilichorekebishwa 2008 na 2019, afu useme aina yako ni ya biti 32 au 64. Onyesha na mgawanyo: kwenye 64 kuna biti 1 ya alama (chanya au hasi), 11 za kipeo na 52 za tarakimu zenyewe, hapo ndo msomaji anaelewa kwa nini ana uhakika wa tarakimu 15 za desimali, na kwenye biti 32 anabaki na 6 tu. Mi huwa naweka mfano wa namba nzima maana ndo unashtua zaidi: kwenye biti 32 chukua 16777216, jumlisha 1, unarudishiwa 16777216 ileile, hakuna error wala onyo. Kwenye biti 64 mambo hayo yanaanzia 9007199254740992, ndo maana ID ndefu zikipita kwenye JavaScript zinabadilika tarakimu za mwisho.

Halafu tafadhali usiandike kwamba float "inakosea kidogo". Haikosei. Ukiandika 0.1 inahifadhiwa namba iliyo karibu nayo zaidi kati ya zile zinazowezekana, ambayo ni 0.1000000000000000055511151231257827021181583404541015625, na hiyo ni thamani moja mahususi kabisa, haitikisiki. Kilichotokea ni kukadiriwa wakati wa kuingia. Mtu akilielewa hilo hata hesabu zinazofuata anaweza kuzikisia mwenyewe.

Sehemu nyingine yenye balaa ni majina ya vipimo. Double.MIN_VALUE ya Java ni namba chanya ndogo kuliko zote, 4.9E-324, wakati Double.MinValue ya C# ni ile hasi ya mbali kabisa, kama -1.8E308. Sasa fikiria mtu katoka C#, anatafuta namba kubwa kwenye orodha ya namba hasi tupu, anaanzia na MIN_VALUE ya Java, jibu linalotoka ni 4.9E-324 ambayo kwenye orodha haipo hata kidogo. Epsilon, jina linalopewa thamani ndogo sana, nayo hivyohivyo, kwenye C DBL_EPSILON ni kama 2.2E-16, kwenye C# Double.Epsilon ni ile ndogo ya E-324 na ukiitumia kulinganisha namba mbili ni sawa na hujafanya kitu. Kwa hiyo jina peke yake halitoshi, andika thamani yenyewe pembeni.

NaN, yaani "si namba", usiizungushe: sema hailingani hata na yenyewe, na useme kupanga orodha yenye NaN kunaleta nini kwenye lugha yako. Kugawa kwa sifuri pia, Python inarusha ZeroDivisionError, JavaScript inakupa Infinity, na 2.5 ukiiraundi Python inasema 2, JavaScript inasema 3.

Na kwenye pesa, wengi wanaandika "usitumie float" wanaishia hapo, kama vile msomaji atajua pa kwenda. Mwelekeze. Kama ni Java mwambie BigDecimal, aina inayohifadhi desimali kama zilivyo, na umwonyeshe kabisa kwamba new BigDecimal("0.1") yenye alama za nukuu inatoa 0.1, ila akiziacha hizo alama anapata ule mkia wote wa tarakimu niliouandika hapo juu.