Mashavu yaliyobonyea na dawa ya zamani

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni muuza mboga hapa Ngamiani, Tanga. Nilianza ARV, dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, mwaka 2006, vidonge vya asubuhi na jioni. Baada ya miaka michache mashavu yalibonyea, nyayo zikawa zinawaka moto usiku, na hadi leo ndala hunitoka njiani nisijue mpaka niitwe nyuma. Siku hizi nameza kidonge kimoja tu kwa siku, na nimeambiwa virusi havionekani kwenye kipimo. Jirani ananihimiza niache dawa, eti ndiyo inayonikausha. Nifanyeje?

JIBU: Mama, usiache dawa. Kwa maelezo yako, yaelekea kilichokubonyeza mashavu ni stavudini, iliyokuwamo katika vidonge vingi vya mseto vilivyogawiwa nchi maskini miaka ile, wala si kidonge unachomeza sasa. Stavudini huharibu sehemu za seli zinazotengeneza nishati ya mwili, ndiyo maana mafuta ya chini ya ngozi usoni, mikononi na makalioni hupungua, na mishipa ya fahamu iendayo miguuni, ambayo ni mirefu kuliko mingine, hutangulia kuumia.

Tanzania ilipoanza kugawa ARV bure mwaka 2004, stavudini ilikuwa ya bei nafuu na haikuhitaji kupimwa damu mara kwa mara, tofauti na zidovudini, ARV nyingine ambayo huweza kupunguza damu. Iliwainua watu waliokuwa hoi kitandani, na hilo hatulikani. Linalotuuma ni kwamba nchi tajiri zilikuwa zikiipa kisogo huku sisi tukiendelea kuimeza, hadi Shirika la Afya Duniani liliposhauri mwaka 2009 iondolewe hatua kwa hatua.

Mafuta ya usoni hurudi polepole sana, na mara nyingi hayarudi yote. Ganzi nayo huweza kubaki, lakini usiitwike stavudini peke yake, kwa sababu kisukari, pombe, upungufu wa vitamini B na hata isoniazidi, dawa ya kukinga kifua kikuu, huleta hali hiyohiyo. Mwombe mhudumu wa kliniki akupime sukari, na umsimulie kisa cha ndala kama ulivyotusimulia sisi. Sokoni vaa viatu vya kufunga, maji ya moto yapime kwa kiwiko badala ya mguu, na kila jioni kagua nyayo zako kwenye mwanga, kwa kuwa mguu wenye ganzi huweza kuchomwa na msumari ukalala nao.