Re: Vijiji vya kale Japani

Mkuu, umeuliza ukishachoka na Tokyo uende kijiji gani ukaone mambo ya kale, mi nakwambia Shirakawa-go, ukipanda basi toka mji wa Takayama kama dakika 50 hivi ushafika. Mapaa ya nyasi yamesimama wima kama viganja vya mtu anayeomba ili theluji iporomoke, na darini walikuwa wanafuga viwavi wa hariri, UNESCO waliiorodhesha urithi wa dunia 1995. Ingia nyumba ya kale ya ukoo wa Wada, panda mpaka darini ucheki nguzo zilivyofungwa kwa kamba, zimekuwa nyeusi tii kwa moshi.

Siku ikibaki tembea kwa miguu toka kijiji cha Magome mpaka kijiji cha Tsumago, kilomita 8, njia ya enzi za masamurai, anzia Magome maana kule kwingine kilima utajuta, na njiani kuna kengele unagonga kufukuza dubu, sikutanii.