Kwa nini chanzo cha elektroni kipozwe hadi kelvini 2?

Swali: Nasomesha fizikia katika skuli ya sekondari hapa Wete. Nimesoma kwamba baadhi ya vichapuzi vya chembe (mashine za kuzipa chembe ndogo kasi kubwa) huanza na chanzo cha elektroni cha niobiamu, ambayo ni supakondakta, badala ya shaba. Ikiwa ukinzani wake ni sifuri, mbona kinahitaji mtambo mkubwa wa kupozea?

Jibu: Mwalimu, ukinzani huwa sifuri kwa umeme wa upande mmoja tu, kama ule wa betri. Ndani ya chanzo hiki, ambacho ni chumba kitupu cha niobiamu, mna mawimbi ya redio, ambayo katika kile cha kituo cha utafiti cha Rossendorf, karibu na Dresden nchini Ujerumani, hurudia mzunguko wake mara bilioni 1.3 kwa sekunde. Elektroni zilizofungamana jozi hupita bila hasara, lakini daima hubaki nyingine zisizo na jozi, nazo zikitikiswa na mawimbi hayo kwenye tabaka jembamba la juu la chuma hutoa joto. Ndiyo maana niobiamu, ingawa huwa supakondakta chini ya kelvini 9.2, hushushwa hadi kelvini 2 (takriban nyuzi 271 za Selsiasi chini ya sifuri) kwa heliamu ya kimiminika. Hapo hasara yake huwa ndogo kuliko ya shaba kwa takriban mara laki moja.

Joto hilo dogo lina gharama kubwa kuliondoa. Wape wanafunzi wako kanuni ya Carnot, inayoonyesha nguvu ya chini kabisa inayohitajika kuhamisha joto, na joto la mchana wa Wete, tuseme kelvini 303: kila wati 1 inayotolewa kwenye kelvini 2 hudai wati 150 kinadharia, na mitambo halisi hula mara kadhaa ya hizo.

Shaba huhimili uga wa umeme mkali zaidi, ila kwa mipigo mifupi, kwani hupata joto jingi mno. Niobiamu hudumisha uga mkali bila kupumzika, na uga huo unahitajika ili elektroni zilizong'olewa na leza zichapuke upesi kabla hazijatawanyana kwa kusukumana.

Kwa maoni yangu, ugumu mkubwa zaidi ni kathodi, yaani kipande ambacho leza hung'oa elektroni kutoka kwake. Hukaa ndani ya chumba cha niobiamu bila kukigusa, ikitenganishwa nacho kwa mwanya mwembamba wa ombwe, na kule Rossendorf hupozwa kivyake kwa nitrojeni. Chembe moja ya vumbi lake ikitua kwenye niobiamu yaweza kumwaga elektroni zisizotakiwa na kuleta joto. Baada ya kathodi ya sesiamu na teluriamu kuchafua chumba chao, wataalamu wa Rossendorf walitumia magnesiamu kwa miaka kadhaa, ingawa kwa mwanga uleule hutoa elektroni chache zaidi.