Lefebvre, Fabre na Favre: Je, Ni Ukoo Mmoja?

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, katika kusoma historia ya Ufaransa nimekutana na majina Lefebvre, Lefèvre, Fabre na Favre. Je, wenye majina hayo wana babu mmoja? – Msomaji, Bukavu.

JIBU: Ndugu msomaji, hapana. Majina hayo yote yanatokana na neno la Kilatini faber, yaani fundi, ambalo kwa Wafaransa wa kale lilikuja kumaanisha mhunzi; na kwa kuwa vijiji vingi vilikuwa na mhunzi wake wa kufua majembe na kuwapigilia farasi viatu vya chuma, jina lilizaliwa mahali pengi bila wahunzi hao kuwa na undugu wa damu. Kaskazini, hasa Picardie, ni Lefebvre au Lefèvre; kusini, penye Kioksitani, lugha ya kale ya eneo hilo, ni Fabre na Faure; Savoie, jimbo la milimani mashariki mwa Ufaransa, na Uswisi ni Favre.

Linalonivutia zaidi ni herufi b ya Lefebvre. Haitamkwi: makarani waliipachika ili kukumbusha Kilatini. Tena, kwa kuwa zamani u na v hazikutofautishwa katika maandishi, wengine waliisoma v kama u, na hapo likatokea jina Lefébure, lililopo hadi leo. Amri ya mfalme wa Ufaransa iitwayo ya Villers-Cotterêts, ya mwaka 1539, iliyoagiza ubatizo uandikwe katika daftari za parokia, ilisaidia kuyaimarisha majina pamoja na tofauti zake za tahajia. Baadaye walowezi walilipeleka jina hili Quebec, Kanada, na Waprotestanti waliokimbia mateso, hasa baada ya mwaka 1685 mfalme alipofuta haki zao za kuabudu, wakalifikisha Uingereza.