Stenti ya mshipa wa ubongo: kazi kubwa iko kwenye vidonge

Anurizimu ni sehemu ya ukuta wa ateri iliyolegea na kutuna kama kifuko. Takriban watu wazima 3 kati ya 100 wanayo ubongoni, na wengi hawatajua kamwe. Wanaojua mara nyingi wamekutana nayo kwa bahati: umepigwa CT au MRI kwa ajili ya kipandauso au ajali ya pikipiki, ripoti ikarudi na jambo ambalo hakuna aliyekuwa akilitafuta.

Kabla ya kuuliza inatibiwa vipi, uliza kwa nini itibiwe. Daktari atapima ukubwa wake kwa milimita, mahali ilipo, umri wako, presha, sigara, na kama uliwahi kuvuja damu kutoka anurizimu nyingine. Utafiti wa UCAS wa Japani, uliotoka 2012, ulikuta kwamba ambazo hazijatibiwa zilipasuka kwa wastani wa asilimia 0.95 kwa mwaka, kubwa na ndogo zikiwekwa pamoja. Kwa upande wa tiba, jaribio la ATLAS la Marekani (2020) lilifuatilia wagonjwa 182 wenye anurizimu za shingo pana mbele ya ubongo, waliowekewa stenti (wavu mdogo wa chuma ndani ya ateri) pamoja na koili (nyuzi za chuma za kujaza kifuko). Baada ya miezi 12, asilimia 84.7 zilikuwa zimeziba kabisa, na asilimia 4.4 ya wagonjwa walipata kiharusi kikubwa upande uleule au walifariki kwa sababu ya ubongo.

Makundi hayo mawili hayafanani, lakini hesabu yake inaeleweka. Hatari ya tiba unailipa karibu yote mwanzoni, hatari ya kuiacha unailipa kidogo kidogo kila mwaka. Mwenye miaka 45 ana muda mrefu wa kufaidi. Mwenye miaka 78 na kifuko cha milimita 3 kwa kawaida hana, na kwake kurudia picha kila baada ya muda ni uamuzi wa busara, si kutelekezwa.

Stenti huhitajika pale shingo ya kifuko ilipo pana: milimita 4 au zaidi, au upana wa kifuko haufiki mara mbili ya shingo. Koili ni nyuzi laini za platinamu. Shingo ikiwa pana zinaporomoka kurudi kwenye ateri. Stenti, wavu mwembamba wa nitinoli (mchanganyiko wa nikeli na titani) unaojifungua wenyewe, huzizuia. Mgonjwa hupewa nusu kaputi, katheta (mrija mwembamba) ikaingizwa kinenani au kwenye kifundo cha mkono, na heparini hutolewa ili damu isigande. Madaktari wengi huingiza kwanza katheta ndogo ndani ya kifuko, ndipo wafungue stenti juu yake, kwa sababu kupenya matundu ya wavu ambao umeshafunguka kunaweza kushindikana.

Sasa vidonge. Chuma kigeni ndani ya damu hualika chembe sahani, zile zinazogandisha damu, zigande juu yake, mpaka ngozi ya ndani ya ateri iote na kuufunika wavu. Ndiyo maana unaanza asprini na klopidogreli 75 mg kwa siku, dawa zinazozizuia chembe hizo zisigande, kwa kawaida siku 5 hadi 7 kabla, na kuendelea na zote mbili miezi 3 hadi 6. Kisha asprini hubaki peke yake, mara nyingi maisha yote. Kabla ya siku yenyewe omba kipimo cha kuonyesha kama dawa inazizuia chembe sahani, si cha kuzihesabu. Wapo ambao ini lao, kwa kurithi, haliiamshi klopidogreli, na hilo ni heri lijulikane kabla stenti haijawekwa. Hao wanaweza kubadilishiwa dawa nyingine, tikagrelori 90 mg mara mbili kwa siku.

Mengi huharibikia famasia. Omeprazoli ya vidonda vya tumbo hupunguza nguvu ya klopidogreli. Uliza kama pantoprazoli inafaa. Ibuprofeni ya maumivu inaweza kuizuia asprini isifanye kazi. Anayetumia rifampisini ya kifua kikuu, au dawa za VVU zenye ritonaviri, aseme mapema, kwa sababu zote mbili huvuruga dawa hizi. Daktari wa meno akitaka usimamishe vidonge ili ang'oe jino, ampigie kwanza aliyeweka stenti.

Miezi 6 ya klopidogreli ni vidonge kama 180. Usipokuwa na uhakika wa kuvipata mfululizo, au una vidonda vinavyovuja damu, sema kabla ya kusaini fomu. Klipu, yaani kibanio cha kufunga shingo ya kifuko kwa kufungua fuvu, inatisha zaidi kuisikia, lakini haidai dawa hizo mbili, na kwa mgonjwa wa namna hiyo inaweza kuwa ndiyo salama zaidi.

Michubuko na damu kidogo puani ni kawaida. Choo cheusi kama lami si kawaida. Mdomo kwenda upande, mkono kulegea au maneno kukwama ni hospitali saa hiyo hiyo, usisubiri asubuhi.

Angiografia (picha ya mishipa kwa dawa ya rangi) ya kufuatilia hufanyika karibu mwezi wa 6. Kwa anayemeza metformini ya kisukari, figo zipimwe kwanza, kisha aulize kama anahitaji kuisimamisha. Omba pia kadi yenye jina na ukubwa wa stenti: stenti nyingi zinaruhusu MRI kwa masharti, na fundi wa mashine atataka kuyasoma. Chuma hufifisha picha ya mshipa ulio ndani yake, kwa hiyo msomaji asiyejua kuwa kuna stenti anaweza kuandika kwamba ateri imeziba.