Anza na mbuzi: jinsi ya kufumbua mafumbo ya kupanga foleni na kugawa makundi

Wengi wetu tumekua tukilisikia fumbo la mtu mwenye chui, mbuzi na mzigo wa majani, anayetaka kuvuka mto kwa mtumbwi unaobeba yeye na kitu kimoja tu. Akiwaacha chui na mbuzi peke yao, mbuzi ataliwa. Akimwacha mbuzi na majani, majani yataliwa. Jibu tunalo kichwani: anamvusha mbuzi, anarudi mtupu, anamvusha chui, anarudi na mbuzi, anavusha majani, anarudi mtupu, anammalizia mbuzi. Mara saba mtumbwi unakata maji na hakuna aliyeliwa.

Lakini muulize mtu kwa nini alianza na mbuzi. Wengi watakwambia kwa sababu ndivyo jibu lilivyo. Sababu yenyewe ni kwamba mbuzi yumo katika masharti yote mawili. Chui na majani hawana ugomvi, unaweza kuwaacha pamoja hata siku nzima. Anayebanwa na masharti mengi ndiye wa kushughulikiwa kwanza, kwa kuwa nafasi zake ni chache, na ukishamweka yeye wengine wanajipanga wenyewe.

Nayaandika haya kwa sababu hapa Mtwara mjini nimekuwa nikikaa na vijana waliomaliza vyuo, wanaojiandaa na usaili wa kuandika. Wanajua fani zao vizuri. Ila wakikutana na swali la "watu sita wanapanga foleni, fulani hawezi kuwa wa kwanza, fulani yuko nyuma ya fulani", wanaanza kubahatisha: wanaandika foleni moja, wanaifuta, wanaandika nyingine, dakika zinakwisha. Inaniuma, kwa sababu maswali haya yanafundishika kuliko karibu kila swali jingine la kupima akili. Hayahitaji hesabu ngumu wala Kiingereza cha ndani. Yanahitaji karatasi, penseli na utaratibu.

Tuchukue mfano wa nyumbani. Nimewahi kuwa karani wa ghala msimu wa korosho, na mtu aliyeona malori yakisubiri kushusha magunia anajua kupanga foleni ni kazi ya akili. Malori sita yamefika: la Kilwa, la Liwale, la Masasi, la Newala, la Ruangwa na la Tandahimba. Yanashusha moja moja, na masharti ni haya. Lori la Liwale ni la tatu. Lori la Tandahimba linashusha mara tu baada ya lile la Newala, hakuna linaloingia katikati. Lori la Masasi linashusha wakati wowote kabla ya lile la Newala. Lori la Kilwa linashusha wakati wowote kabla ya lile la Ruangwa.

Malori sita bila sharti lolote yanaweza kujipanga kwa namna 720, maana ni 6 mara 5 mara 4 mara 3 mara 2. Anayebahatisha anatembea ndani ya hizo 720. Sisi tunataka kuzipunguza kabla hatujasoma hata swali moja.

Chora mistari sita midogo, uipe namba 1 hadi 6. Andika L juu ya mstari wa tatu, hiyo imekwisha. Sasa tafuta mbuzi wako. Newala anatajwa mara mbili, na tena amefungwa na Tandahimba, kwa hiyo wawili hao ni kipande kimoja kinachohitaji nafasi mbili zilizoshikana. Ziandike herufi N na T ndani ya kisanduku kimoja ili macho yako yasizitenganishe tena. Kisanduku hicho kinaweza kukaa wapi? Nafasi ya 1 na 2 haifai, kwa kuwa Masasi lazima atangulie. Ya 2 na 3, au 3 na 4, haiwezekani, Liwale amekalia ya tatu. Zinabaki mbili tu: ya 4 na 5, au ya 5 na 6.

Hapo ndipo wengi wanaposimama na kwenda kwenye maswali. Naomba usiende. Kitu kikiwa na njia mbili tu, chora mistari sita mara mbili, mmoja chini ya mwingine, na uzimalize njia zote mbili.

Njia ya kwanza, Newala na Tandahimba wako 4 na 5. Zimebaki nafasi 1, 2 na 6 kwa Masasi, Kilwa na Ruangwa. Masasi yuko kabla ya Newala, basi ni 1 au 2. Kilwa anamtangulia Ruangwa, kwa hiyo Ruangwa anaangukia 6. Mipangilio ni miwili: Masasi, Kilwa, Liwale, Newala, Tandahimba, Ruangwa, au Kilwa na Masasi wabadilishane.

Njia ya pili, Newala na Tandahimba wako 5 na 6. Zimebaki 1, 2 na 4. Masasi anaweza kukaa popote kati ya hizo, mradi Kilwa amtangulie Ruangwa. Mipangilio ni mitatu: Masasi, Kilwa, kisha Ruangwa katika ya nne, Kilwa, Masasi, kisha Ruangwa katika ya nne, au Kilwa, Ruangwa, kisha Masasi katika ya nne.

Jumla ni mitano. Kutoka 720 hadi 5, na karatasi haijajaa.

Kuna binti mmoja kutoka Tandahimba ambaye michoro ilikuwa inamchanganya. Nikamwambia aokote vizibo sita vya soda, aandike herufi kwa kalamu ya wino mzito ndani ya kila kimoja, avisogeze mezani. Alivipanga na kuvipangua, akinong'ona masharti, kidole kikiwa juu ya kizibo cha L kisiondoke. Baadaye akanyanyua uso: "Mwalimu, huyu Kilwa mbona hatoki huku mbele?" Na kweli. Iangalie ile mipangilio mitano: Kilwa ni wa kwanza au wa pili, basi. Hakuna sharti lililosema hivyo. Limezaliwa na masharti mengine yalipokutana, kwa sababu nafasi ya nyuma inayobaki ni moja tu, na Kilwa akiikalia Ruangwa atakosa pa kwenda. Jambo la namna hii, lisiloandikwa ila ni lazima, ndilo watunga mitihani wanalolipenda kuliko yote. Ukiliona mapema, maswali mawili matatu unayajibu kwa kuangalia tu. Swali likisema "ikiwa lori la Masasi ni la nne, la pili ni lipi?", wewe unajua kuna mpangilio mmoja tu wenye Masasi katika ya nne, na la pili ni la Ruangwa.

Vizibo havitaruhusiwa kwenye chumba cha usaili, lakini vinafundisha mkono. Ukishavizoea, michoro inakuwa rahisi.

Sasa makundi. Hapa hakuna wa kwanza wala wa mwisho, swali ni nani yuko na nani. Watu sita, Asha, Bakari, Chiku, Dadi, Esha na Fadhili, wanagawanywa: watatu waende kufanya kazi Lindi, watatu wabaki Mtwara. Asha na Bakari hawakai kundi moja. Esha na Fadhili lazima wawe pamoja. Na kama Asha anakwenda Lindi, basi Chiku anabaki Mtwara.

Kuchagua watatu kati ya sita kuna namna 20. Chora safu mbili zenye nafasi tatu tatu, na kabla ya kumweka mtu yeyote, hesabu nafasi. Kila upande una mmoja kati ya Asha na Bakari, kwa hiyo kila upande umebakiwa na nafasi mbili. Esha na Fadhili wanazijaza zote mbili za upande wao. Basi Chiku na Dadi hawana budi kuwa pamoja upande wa pili, ingawa hakuna aliyesema wawe pamoja. Kwenye makundi, kuhesabu nafasi kunazaa matunda kuliko kitu kingine chochote. Ninawasisitizia vijana hili kila tunapokutana: idadi nayo ni sharti, hata kama haikuandikwa kwenye orodha ya masharti.

Halafu kuna lile sharti la "kama". Hapa naomba tutulie, kwa kuwa ndipo alama nyingi zinapopotea, hata kwa watu wenye akili nzuri.

"Kama Asha anakwenda Lindi, basi Chiku anabaki Mtwara." Sentensi hii inakupa mambo mawili tu. La kwanza ni lenyewe. La pili unalipata kwa kuigeuza na kuikanusha kwa pamoja: kama Chiku yuko Lindi, basi Asha yuko Mtwara. Liandike hilo la pili chini ya la kwanza papo hapo, maana mara nyingi ndilo litakaloulizwa. Wala usiongeze la tatu. Haikusemwa kwamba Chiku akibaki Mtwara basi Asha ameenda Lindi. Haikusemwa pia kwamba Asha akibaki, Chiku anakwenda. Ushahidi huu hapa: Bakari, Esha na Fadhili waende Lindi, Asha, Chiku na Dadi wabaki Mtwara. Pitia masharti yote, hakuna lililovunjwa, na Asha na Chiku wote wamebaki.

Kwa lugha yetu mtego huu una nguvu, kwa sababu katika mazungumzo ya kawaida tunaongeza maana. Mama akimwambia mtoto "ukimaliza kuosha vyombo utakwenda kucheza", mtoto anaelewa kwamba asipomaliza haendi, na mama ndivyo alivyokusudia. Kwenye fumbo, kinachohesabika ni kilichoandikwa tu. Likiandikwa "ikiwa, na iwapo tu", hapo ndipo unaruhusiwa kwenda pande zote mbili.

Ukimaliza, fumbo la makundi linabakiwa na migawanyo 3. Asha akienda Lindi, ataongozana na Esha na Fadhili. Asha akibaki, Bakari anakwenda Lindi, ama na Esha na Fadhili, ama na Chiku na Dadi.

Kuhusu maswali yenyewe, tofautisha "lazima iwe kweli" na "inaweza kuwa kweli". La pili unalithibitisha kwa mpangilio mmoja tu unaokubali. La kwanza unaliangusha kwa mpangilio mmoja tu unaokataa. Kwa hiyo ukiulizwa kipi ni lazima, usihangaike kuthibitisha, hangaika kuvunja. Kisichovunjika ndicho jibu. Na swali likikupa sharti la ziada, "tuseme Ruangwa ni wa sita", sharti hilo ni la swali hilo pekee. Usiliandike kwenye mchoro mkuu. Chora mstari mdogo pembeni, utumie, uende zako. Ila usiufute, kwa kuwa mpangilio uliokubali katika swali la tatu unaweza kukusaidia kuangusha majibu ya uongo katika swali la tano.

Lile swali la kwanza linalouliza "upi kati ya hii unaweza kuwa mpangilio sahihi?" halihitaji mchoro kabisa. Chukua sharti moja, pita nalo majibu yote, futa linalolivunja. Chukua la pili, fanya hivyo hivyo. Kupima jibu moja kwa masharti yote, kisha jibu la pili kwa masharti yote, kunakula muda bure.

Mafumbo ya meza ya duara yana jambo moja la kukumbuka: hakuna wa kwanza, basi mketishe mtu mmoja popote, kisha wapange wengine kumzunguka yeye. Yale ya nani anafanya kazi gani na anaishi wapi yanataka jedwali la tiki na mikasi, na kila tiki moja inakupa mikasi mingi kwenye mstari wake na safu yake. Ukijua haya ya juu, hayo hayatakusumbua.

Wanaouliza wapate wapi mazoezi: mtihani wa kuingia vyuo vya sheria Marekani, unaoitwa LSAT, ulikuwa na sehemu nzima ya mafumbo ya aina hii, manne kwa dakika 35. Sehemu hiyo iliondolewa Agosti 2024, lakini karatasi za nyuma bado ni hazina. Ni za Kiingereza, ndiyo, ila ni Kiingereza kifupi cha "kabla", "baada", "pamoja" na "isipokuwa". Fanya fumbo moja kwa siku bila saa, mpaka mkono uzoee kuchora. Saa iwashe baadaye. Kukimbizana na muda kabla ya kujua utaratibu kunamfundisha mtu kubahatisha haraka zaidi.

Kama unataka kuanza leo, rudi kwenye malori. Toa lile sharti la Liwale kuwa wa tatu. Badala yake sema Liwale anashusha mara tu baada ya Tandahimba, na masharti mengine yabaki kama yalivyo. Orodhesha mipangilio yote inayokubali. Unatakiwa kupata 6. Ukipata zaidi, kuna mahali umekitenganisha kisanduku. Ukipata pungufu, kagua kama hukumlazimisha Kilwa au Ruangwa akae mahali ambapo hakuna sharti linalomtaka.